Kimotho Ndung'u, Aliyetunza Sauti ya Lenah

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kitale mjini, mlio Kimilili na Chwele, na nyinyi wa Tongaren mnaopalilia mahindi huku redio imetundikwa kwenye ua, karibuni. Leo tunamkumbuka Kimotho Ndung'u. Kimotho Ndung'u wa Sikhendu, yule wa duka la nyimbo pale Kitale. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Nilikuwepo, na mpaka sasa moyo wangu haujatulia vizuri.

Kwa wasiomfahamu, niwaeleze. Wazazi wake walitoka Nyeri, wakanunua shamba Sikhendu, wakapanda mahindi kama majirani. Lakini Kimotho na jembe hawakupatana. Kaka yake, Mzee Ngige, aliniambia hivi: "Huyo ukimpa laini moja apalilie, unarudi unamkuta katikati amesimama, anasikiliza ndege. Baba alimwambia, wewe enda mjini ukasikilize ndege wa mjini."

Akaenda mjini. Akafungua duka jembamba, kati ya kinyozi na duka la mbegu. Ukienda na flashi yako au memori kadi, anakujazia nyimbo. Lakini kwanza alikuuliza: "Unataka za harusi, za barabara, ama za kulia?" Usipojibu vizuri hakuanza kazi.

Alirekodi pia kwaya. Na hapo ndipo alipompata mkewe, Lenah.

Lenah ni wa Chwele. Kwaya yao ilikuja kurekodiwa darasani, shule moja ya Kimilili, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Mvua ilipopiga mabati, kila mtu aliketi akangoja. Ikinyamaza, wanaanza upya. Lenah ndiye aliyekuwa anatoa sauti ya kwanza, katika ule wimbo ambao watu waliuita tu wimbo wa Kamukuywa, kwa sababu unamtaja msafiri aliyekuta mto Kamukuywa umejaa, akamwita mwenzake wa ng'ambo amsubiri. Kimotho alimrudisha Lenah mwanzo. Akamrudisha tena. Akamrudisha tena.

Lenah ananisimulia akicheka bila sauti: "Nilimuuliza, we mwanaume, kwani huu wimbo una kasoro gani? Akaniambia, hauna. Ni mimi sijashiba."

Wakaoana. Watu wa Chwele hawakumwacha Kimotho apumue. Kila akipita sokoni: "Shemeji, ati ng'ombe za mahari ulileta na spika, ziwe zinasikika nyingi?" Naye anajibu, "Zilikuwa nne tu, bana, lakini zililia vizuri."

Nimesema Lenah anacheka bila sauti. Wasikilizaji wapendwa, Lenah alifanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingo. Alipona. Lakini sauti haikurudi. Imebaki mnong'ono, lazima uinamishe kichwa ndipo umsikie. Mwimbaji, hebu fikiria. Siku ile alipojaribu kuimba na hewa tupu ikatoka, Kimotho alimshika mkono akamwambia: "Usilie, Mama Wangui. Sauti yako ninayo mimi."

Sauti yako ninayo mimi. Yalikuwa maneno ya kweli. Ilikuwa dukani, ndani ya kompyuta yake.

Miaka ikaenda. Wateja wakapungua. Binti yao, Wangui, alikuwa chuoni, na alipokuja nyumbani walibishana, baba na mtoto.

"Baba, hakuna mtu anajaza flashi siku hizi. Nyimbo ziko mtandaoni. Unabonyeza tu."

"Na nikibonyeza ikatae?"

"Itakataa aje, na iko hapo?"

"Iko hapo wapi? Nionyeshe kabati."

Wangui akacheka. Tusimlaumu. Alimtakia babake mema. Aliupandisha wimbo wa mamake mtandaoni kutoka kompyuta ya dukani, na kweli, shangazi aliyeko Qatar akausikia akiwa kazini, akapiga simu akilia. Kimotho mwenyewe alilainika. Alisema, "Basi, kama unafika mpaka huko, mimi ni nani." Akafunga duka. Akauza kompyuta. Na kwa kuwa alikuwa mwaminifu, aliisafisha kabisa kabla ya kuitoa. Ndani mlikuwa na harusi za watu na matanga ya watu, hakutaka viende kwa mtu asiyewajua.

Wimbo wa Lenah ulibaki kwenye simu yake, ndani ya ile programu ya muziki wa mtandaoni. Aliusikiliza kila asubuhi akikamua ng'ombe.

Jumatatu ya wiki ile tuliyomzika, Kimotho alianguka zizini. Moyo. Walimkimbiza hospitali, lakini walifika naye akiwa ameshatuacha.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Lenah hakuomba mengi. Hakuuliza habari ya sanduku wala hema. Aliomba kitu kimoja tu: mumewe anaposhushwa kaburini, ule wimbo wa Kamukuywa upigwe. Walikuwa wameahidiana. Atakayetangulia, mwenzake atamwimbia. Na Lenah hana sauti nyingine isipokuwa ile.

Alhamisi, Wangui akachukua simu ya babake ili aujaribu. Jina la wimbo lilikuwepo, lakini limefifia, rangi ya majivu. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Maandishi yakatokea: haupatikani.

Alitafuta mpaka akajua sababu. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amedai kwamba wimbo ule ni wake. Kampuni ya ile programu imeuondoa kwanza, itachunguza baadaye. Majibu yangekuja baada ya wiki kadhaa. Mazishi ni Jumamosi.

"Lakini nilikuwa nimedownload!" Wangui aliniambia, akiwa ameishika simu kama mtu aliyeshika kifaranga kilichokufa. "Niliudownload mwenyewe, Baba akiona!"

Ndiyo, aliupakua. Lakini alichopakua kilikuwa ruhusa ya kusikiliza. Ruhusa ilipofutwa, wimbo ulifutika ndani ya simu ileile ya marehemu, bila mtu kugusa.

Walimpigia aliyenunua kompyuta. Hakukuwa na kitu. Walitafuta wanakwaya. Wengine wamehama, wengine wametangulia, mmoja alikuwa na kaseti iliyoliwa na panya. Wangui alirudi jikoni kumwambia mamake. Lenah alimsikiliza, akafunika sufuria, akasema kwa ule mnong'ono wake: "Basi Jumamosi nazika wawili."

Ijumaa asubuhi, Wangui alikuja hapa kituoni. Tulitangaza, nadhani wengi wenu mlisikia. Aliye na wimbo wa Kamukuywa, kwaya ya Chwele, sauti ya Lenah, apige simu. Mlipiga. Mungu awabariki. Lakini kila aliyepiga alikuwa na wimbo mwingine.

Kabla ya adhuhuri ikaingia simu ya mwanamume mmoja, kelele za injini nyuma yake.

"Mimi ni Mukhisa, dereva wa trekta, Tongaren. Huo wimbo ninao."

Wangui alisimama. "Uko wapi, kaka? Wimbo uko wapi?"

"Uko kwa redio ya trekta, ndani ya kadi. Baba yako alikuwa na tabia moja. Ukimaliza kujaziwa nyimbo zako, anakuongezea moja ya bure, kama vile mama wa maharagwe anakuongezea konzi juu ya gorogoro, lile kopo la kupimia. Anasema, hii ni nyongeza. Nyongeza yake ilikuwa hiyo moja tu, haibadiliki. Mimi nimelimia huo wimbo miaka yote, dada. Hata sikujua anayeimba ni bibi yake."

Mukhisa akasema anaenda saiba, lile duka la kompyuta hapo senta, wautume kwa mtandao. Simu ikakatika. Tukangoja. Alasiri mvua kubwa ya mawe ikashuka upande wa Tongaren, stima zikapotea, mtandao ukapotea. Wangui alipiga ile namba mpaka betri ikaisha. Mteja hapatikani. Mteja hapatikani.

Jumamosi ikafika. Wasikilizaji wapendwa, sijawahi kuwa kwenye mazishi ambayo watu wanaangalia barabara kuliko jeneza. Mchungaji alihubiri, akarefusha. Wazee wakasalimia, wakarefusha. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya Sikhendu, meusi. Wangui alikuwa na simu sikioni. Mteja hapatikani.

Jeneza likafikishwa kaburini. Mchungaji akamwangalia Mzee Ngige. Mzee Ngige akamsogelea Lenah.

"Mke wa ndugu yangu, tuzike. Mvua inakuja, na kaburi likijaa maji itakuwa aibu nyingine."

Lenah alikuwa ameshika udongo mkononi. Mjane ndiye anayetangulia kurusha. Hakurusha.

"Mama Wangui," Mzee Ngige akasema tena, polepole. "Huyo dereva hatujui hata sura yake. Labda alikuwa anajifurahisha tu."

Lenah akatikisa kichwa. Vijana walioshika kamba walianza kubadilishana mikono. Tone la kwanza likaanguka juu ya jeneza, tukalisikia sote. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, mtu analowa." Ngige akawainulia vijana mkono, washushe. Kamba zikaanza kulegea.

Ndipo tukasikia injini.

Trekta lilikuja kwa njia ya Ndalu, limejaa tope mpaka kwenye taa, likakata kona ya lango na kung'oa mche mmoja wa ua. Mtu akapiga kelele, "Wee! Unaingia matangani na trekta?" Na dereva kutoka juu, "Kadi imekataa kila mahali! Inasoma hapa tu!"

Vijana wakazuia kamba. Mukhisa akaruka chini akihema, akasema yote kwa pumzi moja. Pale saiba kompyuta iliikataa ile kadi, ikauliza kama ifutwe yote ianze upya, na kijana wa saiba, kwa mazoea tu, alikuwa ameshapeleka kidole kukubali. Mukhisa aliichomoa kadi kwa nguvu, wakatukanana. Akairudisha kwenye redio ya trekta, ikaimba. Pikipiki hazikuweza kupita lile tope. Basi akasema, kama wimbo hautoki kwenye trekta, trekta litaenda na wimbo.

"Sasa niwashe?" akauliza.

Lenah akaitikia kwa kichwa.

Fundi wa vipaza sauti akapanda, akaweka maiki mbele ya spika ya redio. Kwanza mkwaruzo. Halafu hakuna kitu. Mukhisa akaipiga redio kofi la upande. Hakuna kitu. Wangui akaficha uso. Mukhisa akatoa kadi, akaipuliza, akaifuta kwa ndani ya kola ya shati, akairudisha.

Na Lenah akaimba.

Lenah wa miaka ile, sauti nzima, haina hata mkunjo: "Mto umejaa, nisubiri ng'ambo." Kando ya kaburi Lenah wa leo alisogeza midomo, neno kwa neno, bila kukosa pumzi hata moja. Kamba zikateremka. Mvua ikaanguka sasa kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyekimbilia hema. Ubeti wa mwisho ulipoisha, Lenah akafungua mkono, udongo ukaenda.

Baadaye Wangui aliomba ile kadi aipeleke mjini. Mukhisa akakataa. "Haitoki tena, dada. Ikitoka ikafa, mimi na wewe tutasema nini? Rekodini hapa hapa." Akaurudia wimbo, na watu wakainua simu zao kuzunguka trekta, wakarekodi pamoja na mvua na kikohozi cha Mzee Ngige.

Kwa Lenah, kwa Wangui, kwa Mzee Ngige na jamaa yote ya Sikhendu na ya Chwele, poleni sana. Mungu awashike.

Nasi wengine, tujiulize. Sikilizeni muziki mtandaoni, ni raha, hata mimi humlaza mwanangu nao. Lakini yule usiyeweza kumrekodi tena, sauti yake iko wapi leo? Iko mkononi mwako, au iko kwa mtu anayeweza kufunga mlango bila kukuuliza? Kama una moja, fanya mbili. Mpe jirani. Mpe binamu.

Kabla hatujaagana, Mama Wangui ametuma neno. Aliniongelea sikioni, nalirudia kama alivyolisema: "Atakayeutaka huo wimbo auchukue. Nimechoka kukaa mahali pamoja."

Kwa hiyo nitaucheza sasa, kama nilivyourekodi pale trektani, wote, mpaka mwisho, na sitaongea juu yake. Ongezeni sauti ya redio. Simu ziwe tayari kurekodi. Huyu hapa Lenah.