Posa Nyuma ya Pazia

Mama zangu na dada zangu, assalaam alaykum. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa kifupi. Mimi ni mwalimu wa historia. Kusema kwa kifupi hatukufundishwa, lakini nitajitahidi.

Chuo kikuu niliandika tasnifu juu ya binti mmoja wa kikabaila, wa Ulaya ya zamani, enzi za ngome na wapiganaji wa farasi. Alifiwa na mume angali kijana kabisa. Wajomba wakataka kumwoza upesi, maana atakayemwoa ndiye angeipata ngome. Nikamwonea huruma, nikapata alama nzuri, nikarudi Bagamoyo nikaolewa. Sikumfikiria tena.

Kisha mume wangu akafariki, kwa homa tu. Binti yetu alikuwa hajaanza kutembea. Nikakaa eda nyumbani kwa wakwe zangu, katika nyumba ya ukoo. Ndugu zangu, nawaambia, kilichonitesa si kufungiwa ndani. Ilikuwa kanzu yake, iliyobaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Eda haijaisha, wakaja baba wadogo wa marehemu. Wakaketi ukumbini, mimi na mama mkwe tukakaa nyuma ya pazia. Wakaeleza kwa upole kwamba niolewe na shemeji yangu, mtoto asitoke kwenye ukoo. Nikikataa, nirudi kwetu, ila mtoto atabaki. Shemeji mwenyewe, masikini, alikuwa akikohoa tu.

Nikawatolea mhadhara. Nikawaeleza habari za yule binti, ngome yake, na sheria za ardhi za mabwana wa kwao. Mkubwa wao akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na huyo bibi, mwanangu, ni wa ukoo gani?"

Nikalia. Hapo mama mkwe, ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi zaidi ya salamu, akafungua kinywa.

"Shemeji zangu, mwanamke aliye edani haposwi. Hilo nalo mmelisahau, na madrasa tulisoma pamoja?"

Kikohozi cha shemeji kilikoma.

"Akitoka eda ataulizwa mwenyewe. Mimi nimeshazika mmoja. Huyu msinizikie akiwa hai."

Siku ya kunitoa eda aliniogesha kwa mikono yake, akanifukiza udi, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kumlea mwanangu, nirudi kufundisha, na mambo ya kuolewa yangoje.

"Na kanzu?" akauliza.

Tukaitoa pamoja. Tukaikunja, tukaikunjua, tukaikunja tena.

Shemeji alioa aliyempenda. Pilau ya harusi niliipika mimi, na anayedai iliungua yuko hapo mstari wa mbele, anajifanya amesinzia. Mama, ahsante. Nanyi mlioniletea uji bila kunihoji, Mungu awalipe.

Mjane ana kinywa, ndugu zangu. Muulizeni, kisha mngojeeni amalize. Yule binti wa ngome hakuulizwa, aliozwa. Hakuwa na mtu wa kukaa naye nyuma ya pazia.