Paa la Pijo: Maisha ya Dada Yetu Pascalia Dhahabu Garama, 1971–2025

Mchungaji wetu, wazee wa pande zote mbili, wa Kaloleni na wa Kisii, majirani wa Bofu, mafundi wenzake na marehemu, na nyote mliovuka feri leo asubuhi na mvua ikiwanyeshea, shikamooni. Mimi ni Kaviha Garama, kitinda mimba wa nyumba yetu, familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea safari ya dada yangu, na mchungaji ameniomba nisiwachekeshe watu, nami nimemwahidi kwamba nitajaribu, ila huyu tunayemsindikiza hakunisaidia hata kidogo, kwa namna alivyoishi.

Marehemu Pascalia Dhahabu alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 huko Tsangatsini, Kaloleni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Garama na Mama Kadzo, ambaye yuko nasi hapa mbele, Mungu amtie nguvu. Alisoma shule ya msingi huko huko nyumbani kuanzia mwaka 1979 hadi 1986, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1990, na walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja zaidi ya masomo, kwamba mtungi wa plastiki ukipasuka popote pale kijijini uliletwa kwake, naye akauziba kwa kisu kilichotiwa motoni, akaurudisha ukiwa na kovu lakini hauvuji.

Mwaka 1991 alikuja Mtongwe kukaa kwa shangazi yetu Kafedha, akapata kazi ya kuwapikia mafundi katika karakana iliyokuwa ikitengeneza boti za faiba, na mwaka uliofuata, siku ambayo fundi mmoja hakufika, aliambiwa aweke mwiko chini ashike brashi, na jikoni hakurudi tena. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, faiba ni mikeka ya nyuzi za kioo, hulazwa ndani ya kalibu yenye umbo la kitu unachotaka na kunyweshwa resini, gundi ya majimaji, iliyotiwa hadna kidogo ya kuikausha, ikikauka huwa ngumu kama ubao na nyepesi kuliko bati, na haijui kutu ni nini.

Katika karakana hiyo ndiko alikokutana na shemeji yangu Kefa Mosoti, fundi wa kunyoosha bodi za magari hapa Likoni, ambaye alifika siku moja kuazima msasa, akarudi kesho yake kuazima mwingine, akaendelea kuazima mpaka watu wakaelewa, na misasa ile hajairudisha hadi leo. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 7 Desemba 1996, na Mungu akawajalia Lynnette mwaka 1998 na Ronny mwaka 2001, na baadaye mjukuu, Cindy, ambaye mnamsikia pale nyuma akidai mandazi.

Sasa, ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na dini moja lakini imani mbili. Shemeji aliamini kwamba gari ni chuma, na kwamba chochote kisichogongwa kwa nyundo ni beseni, na dada aliamini kwamba anayeishi kando ya bahari kisha akanunua chuma anaitafutia kutu chakula. Mwaka 1999 shemeji alinunua gari, Pijo ya stesheni iliyokuwa imebiringika, paa likiwa limebonyea hadi kwenye viti, akatafuta bati jipya, akaligonga kwa nyundo ya mbao kwa mkono wake mwenyewe mpaka likawa paa jipya, refu, laini, na mtu yeyote aliyepita gereji wakati huo aliombwa aliguse. Nami niliombwa, nikaligusa, na kusema kweli lilikuwa zuri.

Lakini chumvi ya Likoni haimwogopi mtu, hata awe ametoka Kisii. Kutu ilianza kuitafuna Pijo mwaka wa pili, na mwaka 2003, shemeji aliposafiri kwenda mazishini kwao, dada aliamua kutoa kalibu ya boneti, yaani kuilazia faiba juu iige umbo lake, ili amtengenezee mumewe nyingine ya faiba. Kule kwenye boti, kalibu zilikuwa kuukuu, zimeshiba kwa miaka mingi nta ya kuzuia faiba isigande, kwa hivyo dada hakujua kwamba boneti iliyopakwa rangi juzi inahitaji kupakwa nta tena na tena, akapaka mara moja tu, akalaza mikeka yake, akamimina resini, na ilipokauka ikagoma kutoka. Shemeji alirudi akakuta gari lake limevaa boneti juu ya boneti, na alilazimika kuliendesha vivyo hivyo, huku dada akiipiga msasa faiba ile na kuipaka rangi kidogo kidogo kila Jumapili baada ya ibada. Baada ya miaka miwili chuma cha chini kililika chote, kikadondoka vipande vipande barabarani, faiba ikabaki, na hivyo ndivyo shemeji alivyopata boneti ya faiba bila kuiomba.

Kuanzia hapo dada alifungua karakana yake pembeni ya gereji ya mumewe, akajifunza kuipa nta heshima yake, akawa anawatengenezea watu madigadi ya kufunika magurudumu, milango, bampa na nyuso za tuktuk, madereva wa teksi wakimjia kutoka Port Reitz na Kisauni, akamfundisha kazi Dorothy, ambaye ndiye atakayeiendesha karakana. Na kila chuma cha Pijo kilipolika, yeye alikuwa na cha faiba tayari, madigadi mwaka 2006, milango yote minne kufikia 2009, na mlango wa nyuma mwaka uliofuata.

Mwaka 2012 tukitoka harusini ng'ambo, Pijo ilizimika kwenye mwinuko wa kutokea feri, gari ambalo zamani lilihitaji wanaume sita na matusi, na kabla shemeji hajafungua mlango atafute watu, akina mama watatu wa kwaya walikuwa wamekwisha kulisukuma hadi juu barabarani, na sare zao hazikujikunja. Tangu siku hiyo hakuiita tena faiba beseni, lakini paa, paa lile alilolitengeneza kwa mkono wake, alikataa lisiguswe.

Na paa lilivuja. Lilivuja upande wa abiria, na dada, ambaye hakuwa mtu wa kugombana, alianza kupanda gari na mwavuli, akaufungua humo humo ndani, akawa anawasalimia watu dirishani chini ya mwavuli wake, mpaka Bofu nzima ikajua ni paa la nani linalovuja. Alimwomba mumewe kwa upole mara nyingi, na jibu alilopewa nililisikia kwa masikio yangu.

"Mama Lynnette, umechukua yote, paa niachie. Nyumba ni ya mama, lakini paa ni la baba."

Mwaka 2019 dada alitengeneza paa la faiba hata hivyo, siku ambayo shemeji hakuwepo, kwa nta ya kutosha safari hii, akalitundika kwenye boriti za karakana, likakaa huko likipata vumbi. Watu tulicheka, naye alicheka nasi, lakini mimi mdogo wake aliniambia kwamba jambo lile lilimuuma. Alisema mji mzima unapanda magari aliyoyashika, watoto wa watu wanakwenda shule nyuma ya milango yake, na mtu mmoja tu ndiye asiyekubali kukaa chini ya kazi ya mikono yake, naye ndiye anayelala kando yake.

Mnamo Januari 2024 dada alianza kuumwa tumbo, akagundulika kuwa na uvimbe, akapasuliwa, akapata nafuu hata akarudi kazini, lakini mwezi Septemba mwaka huu hali ilibadilika akalazwa hospitali ya Port Reitz. Huko wodini, mimi nikiwa nimekaa miguuni pake, alimwita mumewe.

"Baba Lynnette, siku yangu usinikodie gari. Nipeleke na Pijo. Ila sitaki kunyeshewa."

Shemeji alimfunika shuka vizuri, akatoka nje. Dada alituaga Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne.

Jumamosi iliyofuata, wakati sisi tunahangaika na mahema na masufuria, tulisikia mlio wa mashine ya kukatia chuma kutoka gereji, tukakimbia, tukamkuta shemeji juu ya Pijo akilikata paa lake mwenyewe. Alipomaliza alimwita Dorothy amwonyeshe namna ya kuchanganya resini ya kugandishia paa la dada, maana alikuwa ameishi na kazi hiyo nyumba moja miaka yote bila kuigusa, akatia hadna nyingi mno, ndoo ikachemka na kufuka moshi, kuku wakatawanyika, na Dorothy kwa adabu akasema tuanze upya. Kisha watu wanne tulilishusha lile paa kutoka kwenye boriti, tukalipangusa vumbi, tukaliweka, likakaa mahali pake bila kukwanguliwa hata kidogo. Shemeji alibaki ameliwekea kiganja.

"Ni jepesi," alisema. "Kumbe lilikuwa jepesi hivi."

Nilimwona shemeji yangu akilia, na sioni haya kumsema, kwa kuwa nami nililia. Paa la chuma halikutupwa, limefunika banda la kuku, na kuku walioloa jana wanaweza kutoa ushahidi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa zamu ya asubuhi aliowazoea kwa majina, nawashukuru majirani wa Bofu kwa maji, kuni na vitanda vya wageni, akina mama wa kwaya kwa nyimbo na kwa ule msukumo wa 2012, na mafundi wote wa Likoni, wa chuma na wa faiba, ambao leo wamefunga karakana zao pamoja. Kutoka hapa tutaelekea kule Shika Adabu kwenye kiwanja cha familia, na tunaomba magari mengine yaifuate Pijo polepole, kwani barabara ina matope.

Dada yangu, mvua haijakatika tangu alfajiri, na wewe umo ndani ya Pijo, kama ulivyotaka. Kabla sijasimama hapa nilipitisha mkono juu ya jeneza lako, mwanzo hadi mwisho. Ni pakavu, dada. Pumzika kwa amani.