Treni ya Kwenda Kwenye Theluji

Baridi ya Julai iliwabananisha kwenye benchi lao la Bellevue, mtaa wa Joburg, nje ya kibanda cha Lambert, fundi cherehani wa Bukavu, waliyemwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua. Pembeni yake Pitchou wa Lubumbashi, mlinzi wa duka, jina la kijiweni Komanda. Upande wa pili Hyasinta wa Morogoro, yeye ni Redio, na sababu mtaisikia sasa hivi. Katikati, chupa ya kahawa ya tangawizi mapajani, alikaa Perpetua. Mumewe Steve alimwoa kule Tanzania enzi za ukimbizi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, akamleta Joburg, akafariki na ahadi moja mdomoni. Kesho alfajiri binti yao Benita anakwenda kwa kombi, basi dogo la abiria, milima ya Lesotho, kule watu wanakoteleza juu ya theluji. Kiti cha mama kimeshatengwa. Mama amegoma.

— Steve aliniahidi treni, alisema Perpetua. Hakusema kombi.

— Mama, treni ya kufika kule juu haiko, alisema Komanda.

— Iko! Profesa alidakia. Ile ya meno. Inauma reli kama mbwa na mfupa, inapanda polepole. Uswisi banayo.

— Uswisi! Hapa ni Bellevue, Profesa.

— Wewe unajua nini? Unalinda mlango.

— Najua treni inaishia chini. Kutoka pale abiria wanavutwa na kamba, miguu inaning'inia, kama ndoo ya kisima. Nimeona kwa simu.

— Na behewa?

— Behewa nalo linavutwa. Na mizigo ndani.

Perpetua alicheka, ila moyo wake ulikuwa umeshapanda treni ya TAZARA. Enzi hizo yeye na Steve walikuwa maharusi wabichi, wanakwenda Mbeya. Vyumba vya kulala, wanaume kwao, wanawake kwao. Anayetaka kukaa na mkewe akodi chumba kizima, nao uwezo huo hawakuwa nao. Njia nzima Steve alikuwa akigonga ukuta kutoka chumba cha pili, naye anagonga kumjibu, mpaka mama mmoja mwenye kichanga akawafokea. Ndipo Steve alipomwapia pale koridoni: kwetu iko milima yenye theluji, nitakupeleka kwa treni, chumba kimoja, mimi na wewe.

— Shoga, alianza Redio, akishusha sauti, na hiyo huwa dalili mbaya. Utanichukia, lakini Steve alishakwenda huko. Na mwanamke mmoja wa mtaa wa Malvern, mwenye mwanya.

Perpetua alifunga kifuniko cha chupa.

— Kwa treni? aliuliza Perpetua.

— Hilo sikuambiwa.

— Rudi ukaulize. Steve akinunua soksi tu, mtaa mzima unajua. Aione theluji halafu anyamaze? Si angepasuka!

Komanda alicheka hadi kahawa ikamwagikia sare.

— Eish, Redio, leo mawimbi yamekukataa!

Lakini Perpetua hakucheka nao. Alimimina kahawa.

— Nikipanda kombi, alisema, ndiyo nimekubali kwamba hatanipeleka tena.

Mara Benita akatokea, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Kiswahili chake kimekulia Joburg, kinachechemea.

— Mama, dereva anataka jibu. Unakuja ama hapana?

— Bado tunajadili treni, alisema Profesa.

— Sharp, sawa, treni. Lakini, mama, tukifika, ile theluji utafanya nayo nini?

Profesa alianza kukunja utepe wake wa kupimia. Komanda akajitia kutafuta kitu kwenye simu. Redio akaangalia kucha zake.

Perpetua aliwaza. Miaka yote ameota kile chumba, Steve mbele yake anamenya yai la kuchemsha, milima inapita. Katika ndoto hiyo treni ilikwenda tu. Hata siku moja hawakushuka.

— Sijui, alisema. Na Steve naye hakuniambia.

— Labda inaliwa, Komanda alijaribu.

— Kwa hiyo itabidi niende nikajue.

Profesa alikuwa ameshamsimamisha, anampima mabega juu ya sweta mbili, koti liwe tayari kabla hajaondoka. Na Redio alikuwa ameshavuka barabara, anamshika huyu mkono, anamnong'oneza yule, kwamba Perpetua kapata mchumba, na anaishi mlimani.