Emiliana na Darasa la Nne

Mgeni rasmi, karibu Mzogole. Vumbi lililokupokea ni la kwetu, utuwie radhi. Maji ya kunawa yapo kwenye ndoo pale mlangoni.

TULIKOTOKA
Wazee wetu walisoma enzi zile taifa zima liliposhika kalamu, hata bibi wa miaka sitini akajua kuandika jina lake. Baadaye ada ikafutwa shule za msingi, kisha sekondari, na sasa tunaambiwa kila mtoto atasoma miaka kumi kwa lazima. Tunafurahi mno. Makao makuu ya nchi yamehamia mkoani kwetu, Mheshimiwa, ila darasa la nne bado halijafika kitongojini. Shule yetu ni shikizi, inaishia la tatu. Anayefaulu huenda shule mama, kilomita kumi na mbili, ng'ambo ya korongo, na Januari shule zikifunguliwa korongo linakuwa limejaa, wengi wakaishia nyumbani.

TULICHOFANYA
Tumefyatua tofali kwa msaragambo, kila kaya ikitoa nguvu zake, na kusimamisha boma la vyumba viwili. Huu mwaka wa tatu halina bati, na mbuzi wamelizoea.

KINACHOTUUMIZA
Emiliana binti Silvano ana miaka kumi na miwili na yuko la tatu kwa mara ya tatu. Tulimsema jamani, tukamwita mzito. Ruthu, mama yake, alifika mahali akadhani mwanawe karogwa. Mwalimu Asma ndiye aliyeona karatasi za mtihani wake zimechubuka kwa kifutio, na chini ya kila jibu baya pana alama ya jibu sahihi lililofutwa. Akamwita pembeni, akamuuliza kwa upole kwa nini anafuta.

"Nikifaulu shule inaisha, Mwalimu," Emiliana alisema.

Mwalimu alitusimulia kikaoni. Kila mzazi alikwenda nyumbani kukagua karatasi za mwanawe.

OMBI
Tunaomba bati za boma lile na usajili wa shule kamili. Tungeishia hapo, lakini tuna kosa la kuungama. Barua ya ujio wako ilipofika, furaha ilitupanda kichwani, tukamwambia Emiliana kwamba mgeni anakuja na darasa la nne. Hatukukuuliza kwanza. Mtihani wa wiki iliyopita hakufuta hata neno moja, amepata yote.

Ndiye yule mstari wa mbele, mwenye sweta la kijani. Dawati lake la darasa la tatu amekwisha kumwachia mdogo wake, na tangu asubuhi anaulizia ni gari lipi lililobeba bati.

Mungu akufikishe salama uendako, Mheshimiwa, na akurudishe kwetu kabla ya Januari.

Ni sisi,
Wazazi na walimu,
Shule Shikizi Mzogole, Chamwino.