Kitovu Kitadondokea Njiani

Bwana asifiwe! Mlioko nyuma huko sijawasikia. Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, mnamjua mwanangu Elia, huyu anayetupigia tarumbeta mpaka vikongwe wanaziba masikio. Nilimzaa nyumbani, hapa hapa Bungu, ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa mitumba na sabuni. Nilifurahi! Lakini mtoto alipumua mbio mbio, kifua kimetuna, tumbo limebonyea. Mama mkwe wangu, yule pale benchi la mbele anayenitolea macho ninyamaze, akasema ni njaa tu. Akamnywesha uji mwepesi. Kila kijiko kilipoingia, midomo ilizidi kuwa ya bluu.

Nikataka kumpeleka hospitali. Nani aniruhusu? Desturi yetu mnaijua: mtoto hatoki nje kabla kitovu hakijadondoka. Mama mkwe aliweka kigoda mlangoni, na mama huyu akikaa mlangoni hata kuku hapiti! Nilipiga magoti nikalia, "Yesu, nifungulie mlango huu!"

Ndugu zangu, Mungu wetu ana mambo! Aliyefungua ni mlinzi mwenyewe. Alimtazama mjukuu wake akihangaika kuvuta pumzi, akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Kitovu kitadondokea njiani," akasema. "Twende, mwanangu!"

Tukapanda pikapu ya mfanyabiashara wa kabichi mpaka Korogwe. Daktari alisikiliza kifua, akasikia matumbo yakinguruma mahali pa mapafu! Kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kilikuwa na tundu tangu mtoto akiwa tumboni mwangu, na matumbo yamepanda kulibana pafu. Akakataza tusimpe chochote mdomoni. Wakampa oksijeni, wakampitishia mpira mwembamba mpaka tumboni kutoa hewa, wakatukimbiza hospitali kubwa. Huko wakayarudisha matumbo mahali pake, wakashona tundu. Niliomba pale nje ya mlango mpaka nesi alipotoka akicheka, akaniambia mtoto anapumua. Haleluya!

Kitovu kilidondoka wodini. Mama mkwe akakifunga kwenye pindo la kanga, akaja kukizika mgombani kwake, na mpaka leo anajisifu kwamba desturi aliitimiza.

Ndugu yangu uliyefungiwa mlango, mwite Yesu. Hata aliyekalia kigoda pale mlangoni, moyo wake Yesu anaufikia. Mimi nimesema mpaka pumzi imeniishia. Elia mwanangu, wewe unayo. Simama upulize!