Meno ya Dukani

Lori la kwenda Isongole lilitupakia nyuma, juu ya magunia, maana kiti cha mbele alikikalia mbwa wa Mzungu mwenye lori. Kando yangu Hezron, muuzaji wa duka moja pale Tunduma, alimlalamikia mama mmoja asiyemjua. "Tajiri wa duka kaamuru kila mteja achekewe. Mkwe wangu kaja kununua chumvi, nikamchekea."

"Mama wa mkeo, ambaye hata kutazamana naye ni mwiko? Usoni? Hukujificha?"

"Ningejificha, mama, ningefukuzwa kazi."

"Basi kazi unayo, mwanangu. Na mke?"

"Mama yake kamchukua. Ndiyo nakwenda kuomba radhi."

Tajiri yule namjua tangu zamani. Hajapata kumwonyesha mtu jino. Kucheka kawaachia vibarua, kama kufagia.

"Ukifika usimtazame," mama akamwonya. "Kaa mbali, inamisha kichwa, mtume mtu akusemee. Na funga hicho kinywa!"

"Nimesikia, mama," Hezron akajibu, akitabasamu.

"Hicho hicho!"

Lori likasimama Isongole. Wa kwanza kulisogelea, kikapu kichwani, alikuwa mkwewe. Hezron akaruka chini, na meno, yaliyokwisha kuzoea kazi, yakamtangulia: "Karibu, mama, karibu!"