Daktari Aliyeomba Msamaha

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu mama yetu aliagiza wasifu wake usizidi ukurasa mmoja, "maana watu watakuwa wamesimama juani." Tumejitahidi.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi viatu na mkewe mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1956 kwa viatu alivyoshonewa na baba yake, kimoja kikubwa kuliko mwenzake, kwa kuwa vya wateja vilitangulia. Mwaka 1964 alifaulu kwenda sekondari ya wasichana, na mwaka 1970 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Darasa zima lilikuwa na wanawake wanne.

Mwaka 1976, akiwa bado mwanagenzi katika wodi ya watoto, kila mgonjwa alipozidiwa mama alikuwa akizungukazunguka kitanda chake. Muuguzi mkuu akamkabidhi sindano mbili za kufumia na kibonge cha uzi. "Kaa ufume, daktari. Ukizunguka hivyo wazazi wanadhani mtoto keshakufa." Akakaa. Kofia yake ya kwanza ingelitosha chungwa tu, lakini kwa miaka thelathini na mitatu watoto njiti wa wodi ile walivaa kofia za mkono wake. Watoto wakubwa walimwita Mama Sindano, wengine kwa mapenzi, wengine kwa hofu.

Mume wake, mwalimu wa hesabu, alimpata mama kwa kukaripiwa naye. Alileta mpwa wake mwenye homa, amemviringisha mablanketi matatu mchana wa joto. "Mwalimu," mama alimuuliza, "umekuja tumtibu au tumpike?" Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwaka 1986 mwanawe wa pili, ambaye ndiye ninayewasomea, alianguka kwenye ngazi za nyumbani. Mama aliubonyeza mkono, akasema, "Umeteguka kidogo. Acha kudeka." Siku ya tatu mwalimu wa darasa ndiye aliyempeleka hospitali, na mfupa ukaonekana umevunjika. Mama alifika chumba cha plasta na koti lake jeupe, akapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka saba. "Uliniambia unaumia, nami sikukusikiliza. Nisamehe, baba."

Hakuishia hapo. Aliandika kisa chote, akapeleka gazetini. Wenzake walimsihi asijivunjie heshima. "Kilichovunjika ni mkono wa mwanangu," alijibu. "Heshima itajiunga yenyewe." Makala ile ilizaa safu ya kila Jumamosi iliyodumu miaka kumi na tisa. Humo aliandika: "Daktari humwona mtoto kwa dakika kumi. Mama amekuwa naye tangu tumboni. Nani amsikilize nani?"

Mwaka 1988 mama mmoja alirudishwa mara mbili na madaktari wengine, akiambiwa mwanawe wa miezi saba ana mafua. Alipofika kwa marehemu akaulizwa, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Akasema, "Daktari, hiki si kilio chake." Hakuwa na lingine la kuongeza. Marehemu aliagiza vipimo vya homa ya uti wa mgongo saa hiyo hiyo, ikaonekana ndiyo, na dawa ikaanza kabla ya jioni. Mtoto alipona. Tangu hapo swali lile likawa la kwanza kwa kila daktari aliyefundishwa naye.

Alistaafu mwaka 2009. Novemba 2021 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Daktari kijana alipotueleza sisi watoto hali yake huku amempa mgongo, mama alimvuta koti: "Mwanangu, mgonjwa niko huku." Kijana akageuka, akavuta kiti, wakazungumza saa nzima.

Aliaga dunia nyumbani, Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi. Baba alikuwa akimsomea gazeti. Alipomaliza habari moja akamuuliza anaonaje, hakujibiwa.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba na kaka mmoja.

Mama, umewalaza watoto wa watu miaka mingi. Sasa ni zamu yako. Lala kwa amani.